Nyuki wa Mtambo Namba Mbili

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, nimeikalia miaka mingi kama mtu aliyekalia mwiba mbele ya wageni. Ilikuwa siku ya jua kali, mvua zinatutega, vumbi la Tabora limetuingia mpaka kwenye meno. Mimi nilikuwa kijana, mgeni kazini, shati limepigwa pasi vizuri na kichwa kimenivimba. Nivumilie kidogo. Siwezi kuanza na nyuki kabla sijakueleza nilivyokuwa mjinga.

Wewe leo ukibonyeza swichi, umeme unaokuwashia taa umetoka mbali, kwenye mabwawa na kwenye gesi, umepita juu ya minara ya chuma mkoa kwa mkoa mpaka ukafika hapa. Wakati wetu mji huu ulijifulia umeme wenyewe. Kulikuwa na banda kubwa la mabati, na ndani yake mitambo ya dizeli, namba moja na namba mbili. Mafuta yalikuja kwa treni, kwenye mabehewa ya matangi. Treni ikikwama njiani kwa sababu maji yamebeba tuta la reli, sisi ndio tulioulizwa. Mitambo ilikuwa inanguruma kiasi kwamba ukirudi nyumbani unaongea kwa kupayuka, mama mwenye nyumba anakuuliza unagombana na nani.

Nami kazi ile ilinilevya. Mtaani waliniita Bwana Umeme. Watu wazima, wenye wajukuu, walikuwa wananiwahi kunisalimu, "Bwana Umeme, leo tutakuwa nao?" Nakohoa kidogo, naangalia saa, najibu, "Tutaangalia." Tutaangalia! Mtu mwenyewe kazi yangu ni kusoma geji na kufuta oili iliyomwagika sakafuni. Nikikumbuka kile kikohozi, hata leo natamani ardhi inimeze.

Kwetu ni Sikonge, tena si Sikonge penye maduka. Ni ndani, unaacha barabara ya vumbi, unashika njia ya baiskeli, unaingia kwenye miombo. Baba yangu alikuwa mrina asali, na baba yake vilevile. Jumapili alikuwa mzee wa kanisa, Mmoraviani wa kukoroma kwenye zaburi, na siku nyingine zote alikuwa porini kwenye mizinga yake. Ada yangu ya shule ilitoka juu ya miti ile. Mimi mwenyewe nilianza kupanda na mwenge wa magome yanayofuka moshi kabla sijajua kuandika jina langu. Nyuki nilimjua, mwanangu. Nilijua akiimba kwa raha na akiimba kwa hasira.

Lakini nilipokuja kusoma mjini, wenzangu walininusa. Nguo zangu zilikuwa na moshi, shuka lilikuwa na moshi, hata Biblia yangu ilikuwa na moshi. Wakanicheka, "Huyu wa porini." Watoto wanacheka kila kitu, wangeweza kucheka hata masikio yangu, lakini mimi neno lile nililichukua nikaenda nalo mpaka utu uzima. Nikawa naoga sana.

Basi siku yangu ya kwanza pale kituoni nilipokelewa na kiongozi wa zamu, Mzee Issa, Mzaramo wa Kisarawe aliyeletwa na kazi Tabora akaoa hapa hapa, akajenga mtaa wa Ng'ambo. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani. Babu zetu walibeba mizigo kutoka huku mpaka pwani, miezi wakitembea, wakapita nchi za watu, wakala nao na kuzikana nao, na utani ukabaki. Mtani anaweza kukutukana mbele za watu ukacheka. Mzee Issa alinitazama kuanzia viatu mpaka nywele, akasema, "Mnyamwezi, karibu. Babu yako alimbebea babu yangu pembe za ndovu mpaka Bagamoyo bila kunung'unika. Hebu nibebee hiki kidumu cha oili mpaka pale."

Nikakibeba. Watu wakacheka, nami nikacheka. Kisha akaniuliza, "Kwenu hasa wapi, mtani?"

"Hapa hapa mjini, mzee. Ipuli. Mzee wangu yuko reli."

"Aa, reli! Kumbe siku hizi mnapanda treni. Zamani treni mlikuwa nyie."

Wakacheka tena. Ule uongo ulitoka mdomoni laini kabisa, wala sikujikwaa. Ipuli nilikuwa nimepanga kwa shangazi yangu, hilo lilikuwa kweli. Reli hatukuwa na mtu hata mmoja. Nikauacha uongo ule ukae, na Mzee Issa akanifundisha kazi kana kwamba mimi ni mtoto wake. Alinifundisha kuusikiliza mtambo, kujua unapochoka, kujua unapodanganya. Alikuwa akileta muhogo wa kuchemsha na chai kwenye chupa, ananigawia, huku ananitukana mimi na ukoo wangu wote.

Sasa baba yangu alikuwa na mazoea ya kuja mjini msimu wa asali. Anafikia kwa dada yake Ipuli, anauza madebe yake taratibu, kisha anarudi. Siku moja akaona aje anione kazini, aone hiyo mitambo. Nikaitwa getini, "Elia, una mgeni." Nikatoka. Mzee wa watu amesimama na baiskeli yake, koti limeingia nta, kidebe cha asali kimefunikwa jani, anatabasamu. Kulwa, mlinzi wetu wa getini, akaniuliza, "Nani huyu mzee, Elia?"

Nikasema, "Ni mzee mmoja huwa anatuletea asali nyumbani."

Nimekwisha sema, sirudii. Baba akanitazama mara moja. Halafu akamgeukia Kulwa kwa upole akamwambia, "Ndiyo, mwanangu. Mimi muuza asali." Akafunua kidebe, akamkatia kipande cha sega. Kulwa akala mpaka akalamba vidole, akasema, "Asali ya Sikonge hii! Mzee huyu akija tena mniite." Baba akapanda baiskeli yake akaondoka bila kuiona mitambo. Nyumbani jioni hakuligusa jambo lile, tulikula tukazungumza habari za mashamba, nami nikajidanganya kwamba limekwisha.

Hazikupita siku nyingi, namba moja ukaanza kuumwa. Tangu asubuhi geji ya oili inashuka, mtambo unapata joto, Mzee Issa anazunguka anauguza kama mgonjwa wa nyumbani. Tukasema hakuna neno, namba mbili utatuokoa. Namba mbili ulikuwa umelala muda mrefu ukisubiri kipuri kutoka ng'ambo ya bahari, na kipuri kilikuwa kimefika, kimefungwa. Kilichobaki ni kuuwasha. Mafundi wakaenda nyuma ya banda kufungua kifuniko cha bomba la kuvutia hewa, lile bomba nene lililopanda juu ya ukuta. Wakarudi mbio. Bomba lina nyuki.

Mkuu wetu wa kituo alitoka na jasho linamtiririka. Simu ilikuwa inalia ndani, hanyanyui. Namba moja ukizimika kabla namba mbili haujawaka, mji mzima unakosa umeme, pampu za maji zinasimama, na yeye ndiye wa kueleza. Akatukusanya chini ya kivuli cha banda. Akauliza, "Kuna mtu hapa anajua nyuki?"

Mwanangu, nilikuwa nimeshawaona. Nilisogea kidogo tu nikajua kila kitu. Nyuki wale hawakuwa wapita njia waliotua kupumzika. Walikuwa wamejenga, wana masega, wana watoto ndani. Jua liko utosini, ukuta unatetemeka kwa ngurumo ya namba moja, na harufu ya dizeli imejaa hewani. Nyuki wa hivyo saa hiyo hagusiki. Dawa yake ni kusubiri jua lilale, kupanda na moshi wa magome, mtu mmoja mtulivu, na kazi imekwisha kabla chai haijapoa. Yalikuwa maneno mawili tu, "tusubiri jioni." Mji ungekaa bila umeme mchana mmoja. Ungekufa? Usingekufa.

Nikanyamaza.

Mzee Issa akanigeukia anacheka, "Mtani, nyie si watu wa asali? Kawaimbieni ndugu zenu watoke."

Nikacheka na mimi. "Mzee, mimi mtoto wa reli bwana. Nyuki nitamjulia wapi?"

Hapo Kulwa akaja kutoka getini, maskini, anataka kusaidia. "Elia, yule mzee wako wa asali si yupo mjini? Jana nimemwona anapita na baiskeli. Si tumwite?"

Wote wakanitazama. Na baba yangu saa ile alikuwa Ipuli, kwenye ua wa shangazi, anaziba pancha. Kwa baiskeli ni mwendo mfupi, kwa gari la ofisi usingemaliza hata kufunga mlango. Angekuja. Angekuja na kofia mkononi, angewasalimu wote, halafu angeniita "mwanangu" mbele yao, na moshi wake, na koti lake la nta. Niliona sura zao zitakavyogeuka kunitazama. Hicho tu ndicho nilichokiona.

Nikasema, "Sijui anakolala."

Basi. Mkuu akaamua wapuliziwe mafuta ya taa. Mzee Issa akasema apande yeye, kwa sababu kile kifuniko kina ukorofi na anakijua. Akajifunga taulo kichwani, akavaa ovaroli, akashika bomba la kupulizia. Ngazi ikaletwa. Unajua nani aliishika ile ngazi? Mimi. Niliishika kwa mikono hii, nikamwona anapanda, nyayo za viatu vyake ziko usawa wa pua yangu, nikaisikia sauti ya wale nyuki inabadilika. Nilijua maana yake. Hata pale, hata pale mwanangu, ningeweza kumvuta suruali nikamwambia mzee shuka.

Alipopuliza mara ya kwanza, walimwagika. Alianza kujipiga kwa viganja, na nyuki ukimponda unawaita wenzake wote. Nikaiachia ngazi nikakimbia. Nakwambia ukweli, niliiachia. Nikasikia kishindo nyuma yangu. Watu wote tulikuwa tumejifungia ndani, mkuu yuko ndani, mafundi wako ndani, na mtu mzima wa watu yuko kule chini ya ukuta anapiga kelele, halafu hapigi kelele tena.

Ndipo mikono yangu ikakumbuka yenyewe. Kulikuwa na gunia la katani karibu na mlango. Nikaliwasha, nikalizima kwa maji nusu, likawa linafuka. Nikatoka nalo polepole, sipepesuki, sijipigi, natanguliza moshi mbele yangu kama nilivyofundishwa utotoni. Nikamfikia. Nikamfunika kwa gunia jingine, nikambeba mgongoni nikaingia naye ndani. Uso wake ulikuwa umeshavimba, huoni jicho wala pua.

Wakanikumbatia! Mkuu wa kituo ananipiga mgongoni, ananiita shujaa. Mmoja akaniuliza, "We Elia, mambo ya moshi umejifunzia wapi?"

"Nilisoma kwenye kitabu," nikasema.

Na mtambo namba moja ukazimika wenyewe saa ile ile, hakuna aliyeugusa. Mji ukakosa umeme vilevile. Kesho yake jioni lilitumwa gari la ofisi Sikonge, wakaletwa warina asali wawili. Waliwatoa nyuki wale huku wanapiga soga, na asali wakatugawia. Mimi sikuionja. Nilikuwa nimejificha chooni wasije wakanitambua.

Lakini nirudi kwenye siku yenyewe. Nilifika kwa shangazi nimechoka, baba amekaa kwenye kigoda. Nikasema shikamoo, akaitikia marahaba, halafu akanyanyua pua. "Umerina?" akauliza. Moshi huo huwezi kumficha mzee yule. Nikamsimulia, nikianzia pale niliposifiwa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Walijua kama niko mjini?"

"Kulwa aliuliza."

"Ukamjibu nini?"

Nikatazama chini. Baba akasema, "Basi mimi ndiye niliyemwangusha yule mzee."

"Hapana baba, wewe hukuwepo."

"Sikuwepo kwa sababu sitajiki. Ningekuwa baba wa kutajika angekuwa amekaa kwake saa hizi anakunywa uji." Hakupaza sauti. Afadhali angenichapa. "Elia, siku ile getini nilikusamehe kabla sijapanda baiskeli. Niliona ni ujana. Lakini mzee huyu hakukukosea kitu. Kesho nenda ukamwambie. Nenda kesho, maana keshokutwa itakuwa imeshakuwa nzito, na mwezi ujao hutaweza kuinyanyua."

Nikaenda. Naapa nilikwenda na maneno nimeyapanga. Lakini nilipoingia wodini mkewe, Bi Mwajuma, alinishika mikono yote miwili akalia, "Umetuokolea baba yetu, Mungu akulipe." Mungu anilipe! Wenzangu wa zamu wamekaa pale wananitazama kwa heshima. Mzee Issa amefungwa bendeji uso mzima, akatambua sauti yangu, akanyoosha mkono. "Mtani, umenibeba," akasema kwa shida. "Wanyamwezi kwa kubeba! Mko vizuri."

Nikacheka. Nikasema nitamwambia akipata nafuu. Akapata nafuu, nikasema nitamwambia akirudi kazini. Akarudi kazini jicho moja limekufa, na jicho lililobaki halikutosha kusoma geji, wakampeleka stoo kugawa vipuri na sabuni. Ile nafasi yake ya kiongozi wa zamu unadhani walimpa nani? Wakanipa mimi, kwa ushujaa. Nikaikubali. Siku ya kwanza nilipokaa kwenye kiti chake nilikuta kikombe chake cha bati mezani, nikamrudishia stoo, akaniambia, "Kaa nacho, mtani, mzigo wa bosi huo." Sikumwambia hata siku hiyo.

Baba hakuniuliza tena. Kila nikienda Sikonge nilikuwa naogopa aniulize, na kila nikirudi nilikuwa naumia kwamba hakuuliza. Alikufa hajaniuliza, na jibu nadhani alikuwa nalo.

Miaka ikaenda. Nyaya kubwa zikaufikia mji, ile mitambo yetu ikanyamazishwa, tukawa tunapokea umeme uliofuliwa na watu tusiowajua. Mzee Issa akastaafu, akawa mzee wa msikitini Ng'ambo. Idi nilikuwa namtembelea, Krismasi anakuja kwangu, tunatukanana mpaka watoto wanaziba masikio. Nilimpenda yule mzee. Ndiyo maana sikumwambia, nilikuwa najitetea hivyo. Uongo mtupu. Nilipenda anavyonipenda, basi.

Akafa. Nilipofika msibani, vijana wa pale wakapiga kelele, "Mtani amefika!" Unajua kazi ya mtani msibani. Ana ruhusa ya kusema lolote. Anaweza kumwiga marehemu anavyotembea, anaweza kulala mlangoni akakataa jeneza lisitoke mpaka apewe kitu, na wafiwa hawakasiriki, kwa sababu wanahitaji kucheka kidogo ndipo waweze kuzika. Wakanipisha katikati ya turubai. Wanaume upande huu, wanawake kwenye mikeka upande ule, Bi Mwajuma ameegemea ukuta, macho yamekauka kwa kulia.

Nilikuwa nimekuja na utani wangu. Nikafungua mdomo, kikatoka kingine. Nikasema, "Huyu mzee nimemtoa jicho mimi. Nyuki nilikuwa nawajua. Baba yangu alikuwa mrina asali, siku ile alikuwa Ipuli, mwendo wa baiskeli tu. Wakaniuliza, nikasema sijui anakolala, kwa sababu nilimwonea haya baba yangu. Nikamshikia mzee ngazi apande. Halafu nikaiachia."

Nikajiambia, leo ndiyo leo, wanipige, wanitoe, ni haki yao.

Mtu mmoja nyuma akapasuka kicheko. Akafuata wa pili, na turubai zima likaangua kicheko. "Wanyamwezi nyie, Mungu anawaona!" "Yeye ndiye aliyembeba mgongoni, sasa anajisingizia!" Nikapaza sauti, nikasema ni kweli jamani, naapa mbele ya maiti, na machozi yakaanza kunitoka. Wakacheka zaidi. Mzee mmoja akasema kwa kusifu, "Angalia, hata kulia analia!" Bi Mwajuma alikuwa anacheka ameshika mbavu, na wanawake waliomzunguka wakashukuru, maana alikuwa hajacheka tangu mumewe afe.

Kisha kijana wa marehemu akaniletea haki yangu ya utani, kuku, miguu imefungwa kwa kamba ya katani. Nikampokea. Ningefanyaje? Nilisindikiza jeneza mpaka makaburini na kuku kwapani, watu wananipongeza.

Nilisubiri siku za msiba zipite. Nikaenda kwa Bi Mwajuma peke yangu, nikakaa, nikamwambia mama, yale niliyosema siku ile hayakuwa utani. Nikayarudia moja moja. Akanisikiliza, akaanza kutabasamu, akanipiga begani kwa upande wa khanga. "Mtani, tumeshaanua matanga," akasema. "Acha kunichekesha, nitakosa adabu kwa marehemu." Akainuka akaenda kunipikia chai.

Sina mtu mwingine wa kumwambia, mwanangu. Mwenye jicho yuko chini, baba yuko chini, na mjane anacheka. Ndiyo maana nakwambia wewe.

Na nina sababu. Juzi ulikuwa unaongea kwa simu na hao wenzako mnaokwenda kuanza kazi kwenye lile bwawa la umeme. Wakakuuliza kwenu wapi, ukawajibu, "Tabora mjini." Nilikuwa nyuma ya mlango. Usikasirike, masikio ya mzee hayana kazi nyingine. Mama yako, ndugu yangu, analima tumbaku kule Sikonge, mwanangu, na ada yako imetoka kwenye majani yale. Umesema neno dogo tu, najua. La kwangu pia lilikuwa dogo, nalo nililisema huku watu wanacheka.

Huko uendako utakuta mashine za kutisha na watu wenye vyeti vizito. Nyuma ya kila taa inayowaka kuna mtu aliyepanda ngazi, na kuna mwingine aliyemshikia. Siku ukishika wewe, na kuna kitu unakijua, kiseme wakati mguu wake ungali chini. Usijali umekijulia wapi. Kama umekijulia shambani sema shambani, kama ni kwa bibi yako sema kwa bibi yako, na anayetaka kucheka mwache acheke akiwa na macho yake yote mawili. Mtu akikosa umeme mchana mmoja atalalamika, jioni atasahau. Jicho la Mzee Issa mimi sijalisahau.

Na ukikosea, maana utakosea, nenda kaseme siku hiyo hiyo, wakati mwenye kudai angali na hasira nawe. Hasira yake ndiyo itakayokupokea. Mimi nilichelewa mpaka hakuna aliyebaki wa kunikasirikia, na mwanangu, hilo ni baya kuliko kupigwa.

Sasa nenda kafunge mizigo yako, na umpigie mama yako simu kabla hujapanda gari. Mungu akulinde juu ya ngazi na chini yake. Akupe wenzako wakweli na zamu za salama. Na siku watakapokuuliza tena wewe ni mtoto wa nani, akujalie kumtaja mama yako haraka, kwa jina lake, kabla hujaangalia nani anasikiliza.